Pleduayee inaandikiwa mutu moja

Sasa kila karatasi yenye kuwa na machozi banaiita pleduayee. Ndugu moja aliandika barua "kwa wote benye inahusu", akaitupa mu grupe za WhatsApp, kisha akasema tumefanya pleduayee. Apana.

Pleduayee ni maneno yenye unapelekea mutu mwenye uwezo wa kukata jambo, kusudi alikate vile unaomba. Basi. Avoka mu tribinali anasemesha juji, hata kama batu benye kukaa nyuma njo banapiga makofi.

Kwetu Lubumbashi banaichanganya zaidi na sansibilizasio. Ile unasemesha batu mingi: muchemshe maji juu ya kolera, mupeleke batoto ku chanjo, na pale kuimba hata kucheza inafaa. Lakini musomaji wa pleduayee eko peke yake na muhuri, bajeti na woga yake, anajiuliza nikisaini nani atanikasirikia, na kama barua yako haimujibu pale anaiweka chini ya zingine.

Angalia mambo ya mamine, njo fasi tunaanguka mingi. Sheria ya mamine ya 2018 inagawanya redevansi (feza yenye kompani banalipa juu ya madini yenye banachimba) hivi: 50% inabaki ku serikali ya kati, 25% ku provensi, 15% ku komini ao sheferi ya fasi yenye banachimba, 10% ku mufuko ya bizazi bya kesho. Sasa batu banaandikia guvernere kurasa munane juu ya vumbi na mateso ya bankambo, ku mwisho "tunaomba serikali ifanye kitu". Kitu gani? Kama munataka forage (kisima ya kuchimba na mashini) itoke mu ile 15% ya komini, musomaji wenu ni burgumestre, mukubwa wa komini, na ukurasa moja inatosha: forage ngapi, avenyu gani, bei gani, mu bajeti ya mwaka gani.

Katiba ya 2006, artikle 27, inapatia kila Mukongomani haki ya kupeleka petisio (barua ya kuomba) ku otorite, naye anapashwa kujibu mu miezi tatu. Kwa hiyo, ndugu mwenye uliandika, barua yako haiharibike: tosha "kwa wote", weka cheo cha mutu moja, peleka kopi mbili, na ile yenye unarudi nayo bapige muhuri na tarehe, juu miezi tatu ianze kuhesabika pale.