Play School ni kipindi gani?

Play School kilikuwa kipindi cha televisheni cha BBC kwa watoto ambao bado hawajafikia umri wa kuanza shule, ambao Uingereza ni miaka mitano. Kilianza Aprili 1964, kikaendelea hadi Machi 1988, Jumatatu hadi Ijumaa. Kila siku ilikuwa na shughuli yake: kuna siku ya kutengeneza vitu kwa makopo na maboksi, siku ya kujivika mavazi ya kuigiza, siku ya wanyama, siku ya sayansi.

Watu waliokua nacho, ukiwataja Play School, wengi hukumbuka kwanza madirisha. Studioni palikuwa na dirisha la mviringo, la mraba na la upinde. La pembetatu liliongezwa mwaka 1983. Mtangazaji humuuliza mtoto aliye nyumbani: leo tutachungulia dirisha lipi? Kisha hunyamaza kidogo, kwa sababu mtoto anahitaji muda wa kuchagua na kulitaja kwa sauti. Kamera husogea taratibu hadi umbo lile lijae kioo chote, na ghafla uko nje, unaangalia filamu fupi ya shamba au kiwanda na watu wakiwa kazini. Mtoto amejifunza umbo bila kuambiwa kwamba hili ni somo la maumbo, tena kwa kubahatisha kama atapatia. Huo ndio ufundi ninaoupenda zaidi katika kipindi hiki.

Saa nayo ilifanya kazi ya namna hiyo hiyo. Mtoto aliulizwa akrabu ndefu iko wapi na ile fupi iko wapi, halafu kamera ikashuka chini ya saa, kwenye meza ndogo inayozunguka, ambako vitu vilivyopangwa vilidokeza hadithi ya siku hiyo.

Aliyekibuni ni Joy Whitby. Kabla yake, watoto wadogo wa Uingereza walizoea zaidi vikaragosi vya kuchezeshwa kwa nyuzi huku msimuliaji akisikika pembeni. Hapa alikuja mtu mzima, kwa kawaida mwanamume na mwanamke pamoja, katika studio karibu tupu, akiitazama kamera kana kwamba mbele yake ameketi mtoto mmoja tu. Wengi wao walikuwa waigizaji. Brian Cant alipokwenda kufanyiwa usaili aliambiwa aingie kwenye boksi la karatasi apige makasia kama yuko baharini. Akaingia, akapiga makasia, akapata kazi, na akabaki hapo kwa miaka 21. Usaili ule ulipima jambo lililotakiwa hasa, yaani mtu mzima anayeweza kucheza kwa dhati, bila kumcheka mtoto wala kujishusha kwa kumwigiza.

Kuna pia kisa cha siku ya kwanza. Chaneli ya BBC2 ilikuwa izinduliwe usiku wa Aprili 20, lakini hitilafu katika kituo cha umeme cha Battersea ilizima umeme sehemu kubwa ya magharibi ya London, zikiwemo studio za BBC, na sherehe ikavurugika. Kesho yake saa tano asubuhi, kipindi cha kwanza cha ratiba kurushwa na chaneli hiyo kikawa Play School.

Nchi nyingine ziliuchukua mfumo huo na kuutengenezea kipindi chao wenyewe. Cha Australia kilianza mwaka 1966 na hadi sasa kinaendelea. Kwa Uingereza, kanda nyingi zilifutwa, hasara kubwa kwa yeyote anayetaka kujua watoto walifundishwaje.

Wanasesere wa studioni walikuwa familia ya kipindi: Humpty aliyefanana na yai, Jemima wa kitambaa mwenye miguu mirefu ya mistari, dubu wawili, na Hamble wa plastiki. Floella Benjamin, mzaliwa wa Trinidad, alijiunga na watangazaji mwaka 1976, akaona kwamba picha za hadithi walizowasomea watoto zilijaa watoto weupe peke yao. Akaomba zibadilishwe, na zikabadilishwa. Mwaka 1986 Hamble aliondolewa, nafasi yake ikachukuliwa na Poppy, mwanasesere mweusi.