Kuugua malaria mara nyingi hakukupi kinga kamili

Wengi huamini kwamba aliyekulia penye malaria na kuiugua mara kwa mara "ameshaizoea", haitamdhuru tena. Hilo ni kweli nusu tu. Kinga ipo, lakini hujengeka polepole, kwa miaka, na hupunguza makali ya ugonjwa bila kuzuia maambukizi. Ndiyo maana mtu mzima anaweza kuwa na vimelea damuni huku akijihisi yu buheri wa afya, na mbu akavichukua kutoka kwake.

Kwa nini isikamilike? Plasmodium falciparum, kimelea kinacholeta malaria, hujificha ndani ya chembe nyekundu za damu na kubandika juu yake protini ambayo kingamwili, yaani askari wa mwili dhidi ya ugonjwa, huitambua. Ila kimelea hiki kina jeni zipatazo 60 za protini hiyo, na hubadilisha moja kwa nyingine. Kingamwili za jana hazimtambui mgeni wa leo.

Kinachonisikitisha zaidi ni wajawazito kuambiwa wameshazoea. Kwao vimelea hujibanza kwenye kondo la nyuma kwa protini ya aina nyingine, ambayo mwili wa mwenye mimba ya kwanza haujawahi kukutana nayo. Na anayehamia pasipo na malaria, kinga yake hufifia. Akirudi, alale ndani ya chandarua, na homa yoyote ipimwe mapema.