Ndimu haiivishi nyama mbichi

Ujumbe ule unaendelea kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: kamulia ndimu nyama ya kusaga, tia pilipili, subiri dakika kumi, vijidudu vyote vimekufa, unaweza kuila mbichi.

Si kweli. Ndimu hukata shombo na kuipausha nyama, ndiyo maana wengi tunadhani imeiva. Lowesha kipande kinene kwa dakika hizo kumi, kisha kikate katikati: nje kimepauka, ndani bado chekundu. Na hata pale asidi inapofika, vijidudu kama Salmonella na E. coli vinaweza kunusurika. Nyama ya kusaga ina hatari zaidi, maana mashine huchukua vijidudu vya juu na kuvichanganya mpaka ndani. Kitfo mbichi, chakula cha Waethiopia cha nyama ya kusaga, pamoja na ukali wote wa mitmita, pilipili yao ya unga, ina hatari hiyohiyo. Kunusa nako hakusaidii. Vijidudu hivi mara nyingi havitoi harufu.

Kinachoviua ni moto: nyuzi joto 71 katikati ya nyama ya kusaga, 74 kwa kuku. Kipimajoto cha jikoni kitakuonyesha.

Ukitumiwa tena ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Ndimu yenyewe haina kosa, ikamulie mishkaki ikishatoka jikoni.