Nani Kasema Lazima Tupendane?

Juzi tena. Nimemaliza kuwasilisha mada kuhusu miungano ya wanawake, nakunja karatasi zangu, bwana mmoja akaniwahi mlangoni. "Dada, shida yenu wanawake ni moja tu, hampendani. Siku mkipendana sheria zote zitapita." Kwa upole kabisa, kama daktari anayempa mgonjwa majibu. Nikamuuliza chama chake kina makambi mangapi. Akacheka, tukaachana.

Angekuwa yeye peke yake ningenyamaza. Kauli hiyo nimeshaisikia kwa wabunge na kwa wafadhili, na inayoniuma zaidi, kwa wanawake wenzangu wanaoanzisha muungano wa kitaifa, ajenda namba moja ikisomeka "kujenga umoja". Nikiiona hiyo najua kikao cha tatu hakitatimiza akidi.

Wenye viwanda hakuna anayewataka wapendane kwanza ndipo wadai kupunguziwa kodi. Wanaibiana wateja mwaka mzima, na bajeti ikikaribia wanaingia mlango mmoja na karatasi moja. Sisi ndio tunaodaiwa mapenzi.

Muungano ni mapatano ya watu wasiokubaliana. Wanaokubaliana kwa kila jambo wana chama chao tayari. Ndiyo maana kwenye hadidu za rejea sihangaiki sana na malengo. Malengo kila mtu huyaandika vizuri. Ninachokipigania mimi ni kile kifungu kinachotaja mambo ambayo muungano hautayasemea. Kikikosekana, siku katibu atakapoulizwa na mwandishi wa habari kuhusu utoaji mimba, atajibu kwa moyo wake, na kesho yake nusu ya wanachama wameandika barua za kujitoa.

Angalia Afrika Kusini. Aprili 1992 ulizinduliwa Muungano wa Kitaifa wa Wanawake. Ndani yake walikaa wanawake wa ANC ya Mandela, wa National Party, chama cha makaburu waliokuwa wakitawala, na wa Inkatha, chama chenye ngome kwa Wazulu, huku wafuasi wa ANC na wa Inkatha wakiuana huko nje. Wapendane vipi? Walishika kazi moja: kukusanya madai ya wanawake nchi nzima na kuyafanya hati, wakati katiba mpya ikijadiliwa. Mwaka 1993 viongozi wa jadi walipotaka sheria za mila ziwekwe nje ya kifungu cha usawa, walikuta ukuta, na katiba ya mpito ikapita bila kinga hiyo. Hati yenyewe ilipitishwa Februari 1994. Baada ya uchaguzi wa mwaka huo Frene Ginwala, aliyekuwa mstari wa mbele kuuongoza muungano huo, akawa Spika, wenzake wengi wakaingia bungeni, na muungano ukapoa. Kuna wanaoita huko ni kushindwa. Mimi huwa nasema kazi iliisha, ingawa siku nyingine najiuliza kama sijitetei tu.

Au Iceland. Waliotoa wazo la 24 Oktoba 1975 walitaka mgomo. Wanawake wa vyama vya kihafidhina wasingegoma hata kwa dawa, lakini kupumzika, nani hapumziki? Ikaitwa siku ya mapumziko. Karibu asilimia 90 ya wanawake wakaacha kazi, za ofisini na za nyumbani. Akina baba wakaenda kazini na watoto, na soseji zikaisha madukani. Mwaka uliofuata ikapitishwa sheria ya usawa. Neno lilibadilika, ofisi zilikuwa tupu vilevile.

Kwenye kikao cha muungano mmoja nimewahi kukaa saa nne nzima juu ya neno "usawa". Mama mmoja wa jumuiya ya dini aliniambia, "Mwanangu, neno hili nikirudi nalo kwangu, kikao kijacho hamnioni." Upande wa pili wakili kijana ameshafunga kalamu: bila neno hilo hasaini. Mwisho tulilifuta, tukaandika kwamba mjane asitolewe kwenye nyumba aliyoishi na mumewe. Mama akavaa miwani, akasoma mara mbili, akasaini wa kwanza. Wakili akasaini kwa kununa. Kununa ni sawa, saini ndiyo niliyokuwa naitaka.

Mengine kwa haraka. Sekretarieti isikae kwenye taasisi kubwa kuliko zote, mtakuwa mradi wake. Nembo 60 za mashirika chini ya tamko ni bango tu. Uliza nani kati yao atatuma mtu siku ya kamati ya bunge. Na tarehe ya kuvunja muungano iandikwe mapema, kabla watu hawajazoea posho.

Sasa linaloninyima usingizi. Mambo tunayoyaweka kando ili wote wasaini yana wenyewe, na kila mara wenyewe ni walewale. Katika kikao kilekile mwakilishi wa wafanyakazi wa ndani, ambaye madai yake ya mkataba na siku ya kupumzika tuliyaondoa kwa sababu nusu ya waliokuwa mezani ni waajiri, alinyoosha mkono akauliza, "Zamu yetu ni muungano wa ngapi?" Mwenyekiti akanitazama mimi. Nikaliandika swali chini ya "Mengineyo". Kikao kilichofuata likahamia kwenye "Yatokanayo", na liko huko mpaka leo.