Umeanza dawa ya gauti na kidole kimewaka tena? Usiiache

Mwezi wa saba, baridi ya Mbeya ikiwa imekaza, mzee mmoja mkulima wa viazi kutoka Uporoto alifika dirishani kwetu famasi, mguu mmoja kwenye buti, mwingine kwenye kandambili. Kidole gumba kilikuwa chekundu, kimevimba mpaka ngozi inang'aa. Akaweka mbele yangu pakiti ya alopurinoli. Vilikuwa vimetoka vidonge tisa tu.

"Mwanangu, hii dawa yenu ndiyo imeniamshia ugonjwa. Nimeiacha."

Mzee hakukosea kabisa. Gauti, au jongo, huja pale asidi ya yuriki inapozidi kwenye damu hadi isiyeyuke yote. Inayobaki hutuama kwenye viungo, hasa vyenye ubaridi kama vya vidole vya miguu, mithili ya sukari kwenye chai iliyopoa, ila hii huwa chembechembe zenye ncha kama sindano. Alopurinoli hupunguza utengenezaji wa asidi hiyo. Chembechembe za miaka zikianza kumomonyoka, mwili hushtuka na kiungo huwaka. Kuwaka huko hutokea dawa ikiwa kazini. Kilichomponza mzee ni kwamba hakuna aliyemwambia mapema, na hilo ni deni letu sisi watoa dawa.

Ndiyo maana dozi huanza ndogo, kwa kawaida miligramu 100 kwa siku, au pungufu kwa mwenye figo dhaifu, kisha hupandishwa taratibu kila baada ya wiki chache kwa kufuata kipimo cha damu, hadi asidi ishuke chini ya mikromoli 360 kwa lita. Maabara nyingine huandika miligramu 6 kwa desilita. Ni kiwango kilekile. Kwa miezi 3 hadi 6 ya mwanzo daktari huongeza dawa ya kukinga kuwaka huko, mara nyingi kolkisini ya dozi ndogo. Hii usijipimie mwenyewe: ikizidi ni sumu, na kuharisha na kutapika ni dalili za kwanza. Kama unatumia ARV au antibiotiki ya klarithromaisini, sema kabla hujaandikiwa.

Diklofenaki ya duka la dawa hutuliza maumivu lakini asidi haiigusi, na ukiizoea huumiza figo na tumbo.

Kwa chakula, maharage kuleni, hata kama mmeambiwa yanaleta gauti. Punguzeni pombe, bia hasa, pamoja na nyama ya maini na figo.

Alopurinoli huachwa bila kusubiri miadi ukitokewa na vipele, hasa vikija na homa au vidonda mdomoni. Acha siku hiyohiyo, nenda hospitali.

Mzee alirudishiwa dawa, safari hii pamoja na kolkisini. Mwezi wa kumi alikuja na buti zote mbili, kipimo kikasoma 410. Daktari akampandishia dozi.