Sheria ya silaha ikinukia, maduka ya bunduki hufurika

Desemba 2012 FBI ya Marekani ilipokea karibu maombi milioni 2.8 ya kukagua historia za watu waliotaka kupata silaha. Tangu mfumo huo uanze Novemba 1998, hakuna mwezi uliokuwa umefikia idadi hiyo. Tarehe 14 ya mwezi huohuo kijana mwenye bunduki alikuwa ameua watoto 20 na watu wazima 6 katika shule ya msingi ya Sandy Hook, mjini Newtown, jimbo la Connecticut. Nikieleza kazi yangu kwa ndugu na jamaa, swali linalofuata huwa ni lilelile: inakuwaje watu waone watoto wameuawa kwa bunduki, halafu wapange foleni kununua bunduki?

Mimi ni mchumi, na ninachochunguza ni mwenendo wa wanunuzi pale serikali inapotaka kuligusa soko. Soko la silaha la Marekani linafundisha jambo hili kuliko soko jingine lolote ninalolijua. Jibu langu ni kwamba wengi katika foleni ile walikuwa wanaiwahi sheria kabla haijawafikia. Hofu ya mauaji ipo, na wapo wanaonunua bastola kwa ajili yake, lakini peke yake haitoshi kueleza takwimu zinavyopanda na kushuka.

Angalia nyakati zenyewe. Novemba 2008 hapakuwa na shambulio lolote la kutikisa taifa, ila Barack Obama alishinda uchaguzi. Ukaguzi wa mwezi huo ulizidi milioni 1.5, wakati Novemba ya mwaka uliotangulia ulikuwa kama milioni 1.1. Sasa linganisha na Oktoba 2017, pale mtu mmoja alipowamiminia risasi wahudhuriaji wa tamasha la muziki Las Vegas kutoka ghorofani hotelini. Ni shambulio lililoua watu wengi kuliko yote ya aina hiyo katika historia ya karibuni ya nchi hiyo. Ukaguzi wa mwezi ule ulikuwa chini kuliko wa Oktoba 2016. Rais alikuwa Donald Trump, chama chake kilishika mabaraza yote mawili ya Congress, na hakuna mnunuzi aliyeamini kwamba sheria kali inakuja. Kwa hiyo hakukuwa na sababu ya kuharakisha. Kipindi hichohicho viwanda vililia njaa, na Machi 2018 Remington, kampuni iliyoanza 1816 na iliyokuwa tayari imeelemewa na madeni, iliomba hifadhi ya kufilisika.

Niseme neno kuhusu takwimu zenyewe, kwa sababu zinatumiwa ovyo. Marekani haina daftari la taifa la bunduki. Sheria ya 1986 inaikataza serikali kuu kulitengeneza. Tunachohesabu ni ukaguzi, na ukaguzi si mauzo. Mtu anaweza kukaguliwa mara moja akatoka na bunduki tatu. Anayenunua kwa jirani yake, katika majimbo mengi, hakaguliwi kabisa. Kentucky nayo huwakagua upya kila mwezi wote wenye vibali vya kubeba silaha kwa siri, na idadi yake hupanda hata kama hakuna aliyenunua kitu. Ndiyo maana nusu ya kazi yetu ni kuyachuja haya kabla ya kusema lolote. Mwaka 2020, wenye ukaguzi karibu milioni 39.7, siutumii kama ushahidi wa hoja yangu: corona, maandamano na uchaguzi vilikuja kwa pamoja, na kuvitenganisha ni kazi nyingine.

Turudi kwa mnunuzi. Ukimsikiliza bila kumhukumu, utaona hesabu yake ina mantiki. Sheria za silaha za Marekani, zinapokataza kitu, karibu kila mara zinamwacha aliyekwisha kukinunua aendelee kukimiliki kihalali. Mwaka 1986 Congress ilifunga usajili mpya wa rashasha kwa raia wa kawaida, lakini zilizokuwa zimesajiliwa kabla ya tarehe 19 Mei mwaka huo zikaruhusiwa kuendelea kuuzwa kutoka mkono hadi mkono. Idadi yake haiongezeki tena. Leo rashasha ya namna hiyo inauzwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Mwenye duka yeyote mzee anaijua habari hii na huwasimulia wateja wake.

Mwaka 1994 likaja katazo la miaka kumi la bunduki za nusu otomatiki zenye sura ya kivita, pamoja na magazini, yaani vile vikasha vya risasi, zenye uwezo wa zaidi ya risasi 10. Vilivyokuwa mikononi mwa watu kabla ya tarehe 13 Septemba 1994 viliachwa. Watafiti Christopher Koper na Jeffrey Roth walifuatilia bei na uzalishaji wa kipindi hicho. Bei zilipanda wakati mjadala ukiendelea bungeni, viwanda vikazalisha kwa kasi kubwa, na baada ya sheria kuanza bei zikashuka kwa sababu bidhaa zilikuwa zimejaa sokoni. Yaani wenye viwanda walitumia miezi ile ya mjadala kujaza maghala, kisha wakati wa katazo bidhaa za "kabla ya sheria" zikaendelea kuuzwa kihalali.

Mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mmarekani aliyepitia 1986 na 1994 akisikia seneta ametamka neno "katazo", hasubiri kusoma muswada. Kwake kununua leo ni kununua haki ambayo kesho haitauzwa. Sheria ikipita, ana bunduki halali ambayo jirani hawezi kuipata, na huenda ikapanda bei. Isipopita, bunduki bado ipo, haiozi, na anaweza kuiuza. Hasara yake ni ndogo kila upande. Mchumi akiwekewa hesabu ya namna hii mezani atatabiri msongamano hata kama hajui lolote kuhusu siasa za nchi hiyo.

Colorado ilionyesha hili waziwazi. Jimbo lilipiga marufuku magazini za zaidi ya risasi 15 kuanzia tarehe 1 Julai 2013, na walizokuwa nazo watu kabla ya siku hiyo zikabaki halali. Magpul, kampuni ya hukohuko inayotengeneza magazini za plastiki, ilitangaza kwamba itahama jimbo. Jumamosi ya mwisho kabla ya sheria kuanza, tarehe 29 Juni, ikaandaa tamasha katika uwanja mmoja wa Glendale, kando ya Denver. Magazini za risasi 30 zikaletwa kwa helikopta, watu wazima 1,500 wa kwanza wakagawiwa bure, na nyingine zikauzwa palepale. Kila moja iliyoingia mikononi mwa mtu siku ile ikawa halali maisha yake yote. Tarehe kwenye sheria iligeuka kuwa tangazo bora kuliko lolote ambalo kampuni ingeweza kulipia.

California ni mfano wa upande wa pili. Tarehe 29 Machi 2019 jaji wa mahakama ya shirikisho alibatilisha marufuku ya jimbo hilo dhidi ya magazini kubwa. Siku chache baadaye akasimamisha amri yake kuanzia tarehe 5 Aprili, akisubiri rufaa. Katika siku hizo chache maduka ya mtandaoni ya majimbo mengine yalizidiwa na maagizo ya Wakalifornia. Hapo hapakuwa na shambulio, wala rais mpya. Kulikuwa na mlango ulioachwa wazi na watu waliojua utafungwa.

Kisha kuna tabaka la pili la hofu, ambalo binafsi ndilo linalonivutia zaidi: hofu ya wanunuzi wengine. Risasi ya .22 ni miongoni mwa zile ndogo na za bei rahisi zaidi. Watoto wa shamba huitumia kujifunzia kulenga makopo. Katika mapendekezo aliyotangaza Obama Januari 2013 hapakuwa na marufuku juu yake. Lakini ilitoweka madukani, na uhaba ukaendelea kwa zaidi ya mwaka. Walmart ikaweka kikomo cha maboksi matatu ya risasi kwa mteja kwa siku. Watu waliwahi alfajiri mlangoni kungoja lori, wakanunua kikomo chao, na walanguzi wakaziuza mtandaoni kwa bei mara kadhaa ya ile ya dukani. Anayeijua Dar es Salaam ameyaona haya kituo cha mafuta, siku chache kabla ya EWURA, mamlaka ya Tanzania inayodhibiti bei za mafuta, kutangaza bei mpya Jumatano ya kwanza ya mwezi: ukisikia tetesi tu kwamba bei itapanda, unajaza tangi hata kama una safari fupi, kwa sababu unajua mwenzako naye anajaza. Ikifika hapo, kujua ukweli wa muswada hakumsaidii mnunuzi. Hata akijua kwamba risasi ya .22 haiguswi, rafu ni tupu, na njia pekee ya kutokosa ni kuwahi.

Wenye viwanda wanalijua vizuri. Smith & Wesson na Ruger zinauza hisa zao sokoni, na katika taarifa zao kwa wawekezaji zimeandika miaka mingi kwamba mahitaji hupanda pale wateja wanapohofia vizuizi vipya, na hushuka hofu ikiisha. Vyama vya wenye silaha navyo hukusanya michango kwa hofu hiyohiyo. Sioni haja ya kutafuta njama hapo. Ni watu wanaosoma mauzo yao.

Kinachonikosesha usingizi ni gharama. Phillip Levine na Robin McKnight wa Chuo cha Wellesley walichapisha utafiti wao mwaka 2017 katika jarida la Science. Walikadiria kwamba katika miezi mitano baada ya Sandy Hook ziliuzwa bunduki milioni 3 zaidi ya kawaida. Walitazama pia watu walichokuwa wanatafuta Google, namna ya kununua bunduki na namna ya kuisafisha, kwa sababu anayesafisha bunduki ameitoa kabatini. Kisha wakahesabu vifo vya ajali za risasi. Makadirio yao ni vifo vya ziada kama 60, na karibu 20 kati yake ni vya watoto. Watoto 20 waliuawa darasani, na wengine karibu idadi ileile wakafa kwa ajali za risasi katika wimbi la ununuzi lililofuata. Muswada wa kupanua ukaguzi wa wanunuzi, uliokuja baada ya mauaji hayo, ulikwama Seneti tarehe 17 Aprili 2013: kura 54 kwa 46, wakati zilihitajika 60. Sheria ya taifa haikuja, na bunduki milioni 3 zikabaki majumbani.

Kwa hiyo nikipewa muswada wa silaha nisome, naanza na kifungu cha tarehe ya kuanza kutumika. Kwangu hicho kina uzito sawa na orodha ya silaha zinazokatazwa. New Zealand ilielewa hivyo baada ya mauaji ya waumini katika misikiti miwili ya Christchurch, tarehe 15 Machi 2019. Siku sita baadaye Jacinda Ardern, waziri mkuu wa wakati huo, alitangaza katazo, na amri ya serikali iliyobadilisha daraja la bunduki za nusu otomatiki ikaanza kutumika saa tisa alasiri siku hiyohiyo, kwa lengo lililotamkwa wazi la kuzuia watu kujilimbikizia. Baadaye serikali ikanunua na kukusanya zaidi ya silaha 50,000. Kanada ilifanya kinyume: Justin Trudeau, waziri mkuu wa wakati huo, alitangaza kusimamisha biashara ya bastola tarehe 30 Mei 2022, na usimamishaji ukaanza tarehe 21 Oktoba. Katikati, maduka yaliuza bastola mpaka zikaisha.

Rais wa Marekani hawezi kufanya alichofanya Ardern. Mabaraza mawili lazima yajadili, na kila siku ya mjadala ni siku ya mauzo. Majimbo yana nafasi zaidi. Jimbo la Washington lilipiga marufuku bunduki za nusu otomatiki za aina ya AR-15 Aprili 2023, na sheria ikaanza kufanya kazi gavana alipoweka tu kalamu chini, ingawa miezi ya mjadala iliyotangulia ilikwishatoa nafasi kwa waliotaka kuwahi.

Maryland ndiyo ninayoitolea mfano kwa wanafunzi wangu. Gavana alitia saini sheria mpya ya silaha tarehe 16 Mei 2013. Sheria ikapangiwa kuanza tarehe 1 Oktoba. Miezi minne na nusu. Maombi ya ununuzi yakarundikana polisi kwa makumi ya maelfu, hadi serikali ikaazima watumishi wa idara nyingine waje kuingiza majina kwenye kompyuta. Kanuni za wakati huo zilimruhusu muuzaji kukabidhi silaha baada ya siku 7 hata kama ukaguzi haujakamilika. Wapo waliosubiri majibu, wapo waliokabidhi. Polisi walipolifikia rundo hilo wakakuta wamo watu waliokatazwa kisheria kumiliki silaha ambao tayari wamekwenda nazo nyumbani, ikabidi waanze kuwafuata mmoja mmoja.