Grafu ya DPPH Haimtibu Mtu Saratani

Nimechoka kutumiwa ujumbe uleule kwenye WhatsApp: mbegu za papai zina antioksidanti (vitu vinavyozuia uoksidishaji) nyingi kuliko vitamini C, kwa hiyo zinaua saratani, na unga wake unapatikana Kariakoo. Safari hii ujumbe umekuja na grafu ya DPPH, kipimo cha maabara cha nguvu ya antioksidanti, na aliyeutuma anaamini kwamba grafu hiyo imemaliza ubishi.

DPPH ni radikali huru, yaani molekuli yenye elektroni isiyo na mwenza, yenye rangi ya zambarau iliyokoza. Unaichanganya na dondoo la mbegu kwenye methanoli, unaiacha gizani dakika 30, na chochote kinachoweza kuipa elektroni au haidrojeni huifanya ififie kuelekea manjano, kisha spektrofotomita husoma kufifia huko kwenye nanomita 517. Humo hamna seli, hamna damu, hamna ini. Chai ya rangi hufaulu kipimo hiki vizuri sana, na bado hatuwapeleki wagonjwa kwa mama ntilie wakatibiwe saratani. Hata IC50 yenyewe, yaani kiasi cha dondoo kinachopunguza DPPH kwa nusu, hubadilika kulingana na kiasi cha DPPH ulichoanza nacho, kwa hiyo kulinganisha namba za maabara mbili tofauti mara nyingi ni kazi bure. Tunaendelea kukitumia kipimo hiki kwa sababu ni rahisi na cha bei nafuu, na sioni haja ya kutafuta sababu ya heshima zaidi.

Hapo mtetezi wa mbegu huhamia kwenye seli za saratani zilizokuzwa maabara na kuwekewa dondoo: "Lakini zilikufa!" Ni kweli, zilikufa, ila kwanza tuulizane zilikufa kwa nini. Katika kipimo cha MTT, seli hai hubadilisha kemikali ya manjano iitwayo MTT kuwa fomazani ya zambarau, na tunapima rangi hiyo kwenye sahani yenye vishimo 96. Dondoo lenye polifenoli nyingi (antioksidanti za mimea) linaweza kuibadilisha MTT lenyewe pasipo seli hata moja, na hivyo seli zilizokufa zikahesabiwa kuwa hai. Linaloniudhi zaidi ni upande wa pili, ambao watu wengi huupita kimyakimya: polifenoli hizohizo, zikiwekwa kwenye kioevu cha kukuzia seli, huweza kuoksidika zenyewe na kuzalisha haidrojeni peroksaidi, na ni peroksaidi hiyo inayoua seli. Yaani kitu kilichosifiwa kwa kuzuia uoksidishaji kimeua kwa kuoksidisha, tena ndani ya plastiki, katika mazingira ambayo hayafanani na mwili. Ongeza kimeng'enya cha katalasi, kinachovunja peroksaidi hiyo, kwenye vishimo vichache. Kifo kikitoweka, ulichokuwa ukikipima ni kioevu chako. Jaribio hilo ni dogo, lakini katika matokeo mengi ninayoletewa halimo.

Mbegu za papai zina kisa chao pia. Ule ukali unaousikia ukizitafuna ni wa benzili isothaiosayaneti, ambayo huzaliwa pale mbegu inapopondwa na kimeng'enya chake kinapokutana na glukosinoleti, kemikali iliyomo ndani ya mbegu hiyohiyo. Joto kali likikiharibu kimeng'enya hicho kabla mbegu hazijasagwa, dondoo utakalopata ni kitu kingine kabisa, ingawa kwenye lebo jina ni lilelile. Isothaiosayaneti hiyo huua seli za saratani kwenye sahani, lakini huweza kuua na nyinginezo, na ndiyo maana seli za kawaida lazima zipimwe sambamba. Risini ya mbegu za nyonyo nayo huua seli za saratani kwa kiasi kidogo mno, na hakuna mwenye akili timamu atakayekushauri uzile.

Wanaodhani kuwa antioksidanti haiwezi kudhuru wasome utafiti wa Finland uliochapishwa mwaka 1994: wanaume wavutaji sigara waliopewa miligramu 20 za beta-karotini kila siku waliugua saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wale ambao hawakupewa.

Sisemi kwamba mimea haina dawa. Vinblastini, inayotumika hospitalini hadi leo, ilitoka kwenye mmea wa vinka, lakini ilitengwa, ikasafishwa na kupimwa kwa miligramu, na hata hivyo hushusha chembe nyeupe za damu. Mashaka yangu yanahusu hata seli tunazotumia maabara: za HeLa, ambazo ni seli za saratani ya shingo ya kizazi, zilichukuliwa kwa mgonjwa mwaka 1951 na zimekuzwa maabara tangu wakati huo, na sina hakika zinafanana kiasi gani na uvimbe wa mgonjwa aliyelazwa leo katika hospitali ya saratani ya Ocean Road. Atakayenitumia grafu nyingine aambatanishe na matokeo ya katalasi na ya seli za kawaida, na aniambie mbegu zake alizikausha kwa joto la nyuzi ngapi.